Zuhura, hiyo juisi iache kwanza

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku sote wazima. Ujumbe wako kuhusu kipimo chako cha sukari ya damu na vyakula unavyonunua umenikosesha usingizi, ndiyo maana naandika barua nzima.

Sukari 6.3 asubuhi kabla ya kula bado haijawa kisukari, maana hicho huhesabiwa kuanzia 7.0. Lakini iko mlangoni, na daktari hakukosea kukutaka upunguze uzito. Kilichonitia hofu zaidi ni hayo manunuzi yako: asali, juisi za boksi, biskuti za "wenye sukari". Hela ya chakula ya mwezi mzima inaishia huko!

Zuhura, asali ni sukari. Juisi pia, hata ukikamua mwenyewe: machungwa manne yanashuka kwa dakika moja, nyuzinyuzi umeshazitupa. Kula chungwa lenyewe, moja, utashiba na hela itabaki. Shirika la Afya Duniani linazihesabu asali na juisi pamoja na sukari ya kuongeza, na linasema ni vizuri zaidi zote kwa jumla zisizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko vidogo 6. Soda moja ya mililita 330 kwa kawaida ina kama gramu 35. Na hizo biskuti ni unga na mafuta kama nyingine. Geuza pakiti usome: kiungo kinachotajwa kwanza ndicho kingi.

Wewe nunua maharage makavu, dengu, mayai, kabichi, karoti. Chemsha sufuria kubwa mara moja, ule siku kadhaa. Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage au mayai, robo wali au mkate. Wali hujakatazwa, usilie! Mama Rehema anakula hivyohivyo, muulize.

Uzito nao usikutishe. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu wenye sukari kama yako. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa kilo zako 84 ni kilo 6 hivi. Zinawezekana kabisa, nami nitatembea nawe jioni nikija.

Ila vinywaji ndiyo uanze navyo, leo hii. Maji. Chai bila sukari, ukishindwa punguza kijiko kidogokidogo.

Sasa niambie: umepewa dawa? Maana kama ni za kushusha sukari, usiruke mlo wala kufunga kabla hujamuuliza daktari. Unapima tena lini? Shemeji anakula sufuria moja na wewe, au unapika mara mbili? Na zile boksi ambazo hujafungua, duka halizipokei?

Nijibu upesi.

Wako,
Salma