Dawa yako iwe mfukoni utakapopanda Mnara wa Eiffel

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Kwa hiyo Jumamosi mnapanda Mnara wa Eiffel na wenzako wa chuo, tena kwa ngazi. Nimefurahi, na usingizi umeniruka. Daktari hakukukataza kupanda, alikukataza kukimbia, na wewe nakujua: hukubali kuachwa nyuma. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwako. Usiiweke kwenye begi, maana begi utampa mtu akushikie, naye atatangulia nalo.

Hadi ghorofa ya pili ni ngazi 674. Kutoka hapo kwenda kileleni wageni hupandishwa kwa lifti tu. Ghorofa ya kwanza iko mita 57 juu. Ukifika hapo kaa, pumua, kunywa maji. Wanaotaka kushindana washindane.

Ila usipande kama mtalii wa kupiga picha tu. Wewe unasomea ujenzi, na karakana nzima inajua, kwa sababu kila mteja namwambia. Kwanza izunguke ile miguu minne. Miwili iliyo upande wa mto Seine msingi wake ulichimbwa chini ya usawa wa maji. Mafundi waliteremka ndani ya masanduku makubwa ya chuma yasiyo na kitako, hewa ikashindiliwa humo ili maji yasiingie, nao wakachimba ndani ya hewa hiyo nzito. Niliposoma hapo nikakifikiria kifua chako. Ndiyo maana narudia habari ya dawa, usichoke kunisikiliza.

Kazi ilianza Januari 1887, ikaisha Machi 31, 1889. Vipande vya chuma 18,038, na kila kimoja kilichorwa na kupimwa kwanza, kikatengenezwa kwenye karakana ya Levallois-Perret, nje kidogo ya Paris, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita. Kipande chenye kasoro kilirudishwa huko huko. Sisi huku tunapima kwa jicho, kisha tunasaga mpaka chuma kikubali. Hilo usilirithi kwangu.

Na ile miguu, kwa kuwa imeinamia ndani, iliwezaje kukutana sawasawa kule juu? Chini yake waliweka jeki za nguvu ya maji, na kwenye majukwaa ya mbao masanduku ya mchanga. Mchanga ukipunguzwa, chuma kinashuka kidogo kidogo. Jeki ikisukuma, kinapanda. Hivyo wakairekebisha hadi yakaelekeana matundu ya ribiti, yaani vile vipini vya chuma vinavyopigwa vikiwa vya moto ili kuunganisha vipande. Hapo, mwanangu, mimi nimevua kofia.

Ukiwa kwenye ngazi tazama vichwa vya ribiti. Ziko 2,500,000, hakuna kulehemu. Kila kikundi kilikuwa na watu wanne: mmoja anapasha moto, wa pili anashikilia, wa tatu anatengeneza kichwa, wa nne anapiga nyundo. Ribiti ikipoa hunywea, ikabana vipande kwa nguvu kuliko nati yoyote niliyowahi kukaza. Simama uzihesabu kidogo, utakuwa pia unapumzika. Wenzako wakiuliza, waambie unasoma kazi.

Tena usiseme aliyebuni ni Eiffel peke yake. Mchoro wa kwanza, mwaka 1884, ulikuwa wa Maurice Koechlin na Émile Nouguier, wahandisi wa kampuni yake. Stephen Sauvestre, msanifu majengo, ndiye aliyeupamba umbo. Nawe ukianza kazi, hakikisha jina lako linaandikwa.

Dada yako amejifungua salama, wewe hukupiga hata simu. Ameumia, ingawa hasemi. Mpigie kabla ya Jumamosi.

Mnara huo hupakwa rangi upya karibu kila miaka saba, kiasi cha tani 60, ili kutu isiule. Geti letu limeanza kutoa kutu kwenye bawaba, mama yako ananikumbusha kila asubuhi. Nikimaliza geti nitapaka na chumba chako, mdogo wako amekwisha kuhamia humo. Lakini kabati lako limefungwa na hatuwezi kulisogeza likiwa limejaa. Ufunguo uliuacha wapi? Nijibu hilo, na uniambie dawa imebaki kiasi gani, isije ikawa chupa tupu ndiyo unayotembea nayo.

Baba yako