Barua kutoka Minneapolis: kufunga nyumba na kushuka Bondeni

Minneapolis, Agosti

Kwa mdogo wangu Baba Rehema, pamoja na Mama Rehema,

Salamu nyingi sana. Sisi huku tu wazima, mimi na shemeji yako, na tumefurahi mno kusikia visa zimetoka. Mama mpelekee shikamoo zetu, na umsomee barua hii, hasa pale pa barabarani, maana najua kila mwaka akisikia tumeondoka halali mpaka tupige simu kwamba tumefika.

Uliniuliza ni kazi gani iliyoko kwenye safari hii yetu ya kukimbia baridi kila mwaka hata tuanze kujiandaa mwezi mzima kabla. Kwenye simu sikuweza kuieleza ikaeleweka, na kwa kuwa mwaka huu tutasafiri wote wanne, ni vizuri uijue kabla hujafika. Kutoka hapa mpaka Harlingen, kusini kabisa mwa Texas, kwenye bonde la mto Rio Grande tunaloliita Bondeni, ni kama kilomita 2,400, yaani Dar hadi Mwanza kwenda na kurudi na ushee. Lakini barabara ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye nyumba tunayoiacha nyuma.

Januari huku baridi hufika nyuzi 25 chini ya sifuri, na siku nyingine huzidi. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bomba halina pa kuyapisha. Linapasuka. Tena siku lilipopasuka huoni kitu, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Joto likirudi ndipo maji yanapoanza kumwagika, na kama hakuna mtu ndani yatamwagika wiki nzima: dari inashuka, sakafu inavimba, kuta zinaota ukungu. Wako wastaafu wanaoacha maji kwenye mabomba na kutegemea mashine ya kupasha nyumba joto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Umeme ukikatika au mashine ikizima katika baridi ya namna hiyo, nyumba inaweza kushuka chini ya sifuri ndani ya siku moja au mbili. Sisi tunafanya yote mawili: tunamwaga maji, halafu tunaacha joto kwenye nyuzi 13.

Utaratibu wa kumwaga ndio nataka uushike, kwa sababu utanisaidia. Kwanza kabisa tunazima hita ya maji. Kama ni ya umeme, unashusha swichi yake kwenye ubao wa umeme kabla ya kugusa maji, kwani koili ikibaki kwenye hewa huku umeme unapita, inaungua papo hapo. Kama ni ya gesi, unaifunga kwenye koki yake. Baada ya hapo ndipo unafunga valvu kuu, ile iliyo kwenye chumba cha chini ya nyumba karibu na mita ya maji. Halafu usiiamini. Kwenye uso wa mita kuna kipembetatu kidogo chekundu, kama punje ya mchele, kinachozunguka maji yakipita hata kwa tone. Fungua bomba moja juu, maji yaliyobaki yaishe, kisha kodolea kipembetatu kile dakika tano nzima. Kikitikisika, valvu haifungi sawasawa. Zile za zamani za kuzungusha mara nyingi zina ugonjwa huo. Mpira wa ndani umekwisha au kuna uchafu umekaa. Dawa yake ni kumwita fundi bomba akufungie ile ya mkono mmoja, inayofunga kwa robo mzunguko. Ukiondoka na valvu inayovujisha, kazi yote ya kumwaga ni bure, maji yatarudi polepole kwenye mabomba.

Valvu ikiwa salama, unafungua mabomba yote, ya moto na ya baridi, ukianzia ghorofani ukishuka. Hewa iingie juu, maji yatokee chini. Hita yenyewe ina lita 150 hivi. Unafunga mpira kwenye koki yake ya chini na kuupeleka kwenye tundu la sakafuni. Unaflashi vyoo, halafu maji yanayobaki kwenye tangi la choo unayakausha kwa sponji. Watu wengi husahau hapo, na tangi la udongo likiganda linapasuka vipande viwili. Mwisho tunapuliza mabomba kwa kompresa, presha isizidi psi 50, kutoa maji yaliyolala kwenye kona.

Mikunjo ya bomba chini ya sinki na bakuli la choo haiwezi kuachwa mikavu, kwa sababu maji yanayokaa humo ndiyo yanayozuia harufu ya maji taka kupanda ndani. Humo tunamimina dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ile inayouzwa kwa ajili ya karavani: nusu lita kila mkunjo, lita moja kila choo, na usisahau tundu la sakafuni chini ya nyumba. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo nazo unazitilia nusu lita na kuwasha pampu kidogo tu, ili dawa ipite ndani yake. Dawa ya rejeta ya gari isitumike kamwe kwa kazi hii. Ile ina ethilini glaikoli, ni sumu, na ina utamu unaovuta mbwa na watoto.

Yaliyobaki ni ya haraka. Friji linamalizwa vyakula, linachomolewa, na mlango wake unawekewa taulo lililokunjwa ili usijifunge, la sivyo utakuta ukungu mweusi. Matundu yanayopita nyaya na mabomba ukutani tunayaziba kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, maana panya wa Oktoba wanatafuta pa kulala na meno yao hayawezi chuma. Jirani anabaki na ufunguo na kuingia mara moja kwa wiki kuangalia kipimajoto na mita. Hilo la jirani si adabu tu: bima nyingi za nyumba hazilipi hasara ya kuganda ikiwa hukuacha joto wala hukumwaga maji, kwa hiyo anaandika tarehe kwenye karatasi kila akiingia.

Posta tunawaandikia barua zitufuate kwa muda. Ila bahasha za kadi za benki mara nyingi zina agizo kwamba zisihamishwe, zirudi zilikotoka. Kadi inayokaribia kuisha muda lazima uidai Septemba. Dawa za presha tunachukua za siku 90.

Tena kuna hesabu ya siku. Jimbo letu la Minnesota linatoza kodi ya mapato na Texas haitozi. Mwenye nyumba Minnesota akikaa ndani ya jimbo siku 183 au zaidi kwa mwaka, hata akidai makazi yake ni kwingine, anaweza kuhesabiwa mkazi wa hapa na kutozwa kama mkazi, na sehemu yoyote ya siku inahesabiwa siku nzima. Shemeji yako ndiye mwenye daftari. Anaandika kila kutoka na kila kuingia na kutunza risiti za mafuta.

Sasa barabara, Mama asikie. Ni njia moja tu karibu safari nzima, I-35: Minnesota, Iowa, kona ya Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas. Tunagawa siku nne. Ya kwanza tunalala Kansas City, kama kilomita 700. Ya pili Oklahoma City. Ya tatu kaskazini ya Austin. Ya nne Harlingen. Tunaanza jua likishatoka na tunaegesha kabla ya giza. Kila saa mbili tunasimama na kutembea dakika kumi, kwa sababu miguu ya mtu mzima ikikaa imekunjwa kutwa damu inaweza kuganda kwenye mishipa.

Tunaondoka Oktoba kwa sababu theluji haingoji kalenda. Mwaka 1991 ilianza Oktoba 31, na ilipokoma siku ya nne mji huu ulikuwa na sentimita 72. Lakini mimi theluji siiogopi kama mvua ya barafu ya Missouri, Kansas na Oklahoma. Hiyo inanyesha kama manyunyu ya kawaida, inaganda inapogusa lami, na barabara inaonekana imelowa tu. Madaraja ndiyo huganda kwanza, kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake. Ukiona magari ya mbele hayarushi maji tena na lami bado inang'aa, hayo si maji. Unaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, hufungi breki, unatafuta hoteli ya kwanza. Kila asubuhi tunapiga 511 kuuliza hali ya njia, na tangi la mafuta halishuki chini ya nusu.

Ndani ya gari kuna beleshi, mchanga, mablanketi, tochi, waya za kubustia betri, maji na vitafunio. Tukinaswa na theluji hatutoki kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Tunafukua bomba la ekzosi kwanza, kwani likizibwa moshi wa sumu unaingia ndani, halafu injini inawashwa dakika kumi kila saa, kioo kikiwa wazi upana wa kidole.

Upepo wa matairi unapimwa kila asubuhi gari likiwa limepoa. Joto likipanda nyuzi 5 au 6, upepo unaongezeka psi 1 hivi. Kwa hiyo tairi lililojazwa sawasawa hapa kwenye sifuri litakuwa limezidi psi 5 Texas, na lililojazwa sawasawa Texas, Aprili tukirudi litakuwa limepungua hivyo hivyo. Maji ya kuoshea kioo nayo ni yale yasiyoganda mpaka nyuzi 29 chini ya sifuri. Ukijaza ya kusini na kurudi nayo kaskazini, yataganda kwenye vitundu, na chumvi ya barabarani itakufunga macho katikati ya malori.

Kuanzia Emporia, Kansas, barabara ni ya kulipia, na tangu Julai 2024 hakuna wa kupokea pesa; kamera inapiga namba ya gari na bili inatumwa nyumbani. Nyumbani hakuna mtu. Ndiyo maana tumebandika kile kifaa cha kulipia kiitwacho K-TAG kiooni, na kinakubalika pia Oklahoma na Texas. Kinatusaidia Austin, tunapokwepa foleni kwa barabara ya 130. Kipande chake cha kusini kinaruhusu kilomita 137 kwa saa, mwendo mkubwa kuliko wote Marekani. Sisi tunakaa kulia na mwendo wetu.

San Antonio tunaingia I-37, kisha barabara ya 77. Kingsville lazima tujaze mafuta, kwa sababu mbele ni malisho ya ranchi kubwa na vituo ni vya kuhesabu. Huko kuna nilgai, swala wa Kihindi walioletwa na ranchi ya King karne iliyopita wakazaana porini. Dume anazidi kilo 200, rangi yake ya kijivu haionekani jioni, na uzio wa kawaida haumzuii. Pale pia hatupiti usiku.

Najua utataka kunipokea usukani, Baba Rehema. Usihangaike. Huku usukani uko kushoto na magari hupita kulia, na bima ya gari haina jina lako. Kazi yako ni kusoma vibao na kunisemesha baada ya chakula cha mchana.

Nyumba ya Bondeni inafunguliwa kwa saa mbili tu. Tatizo lake ni kinyume cha la huku: Aprili tunapoiacha, adui ni joto na unyevu. Mikunjo ya sinki inakauka, harufu na mende wanapanda, kwa hiyo juu ya maji tunatia vijiko viwili vya mafuta ya kula yasipukike, na bakuli la choo tunalifunika karatasi ya plastiki. Kiyoyozi kinabaki nyuzi 29, kukausha hewa ukungu usiote. Vitu vya uani vyote vinaingia ndani, kwa sababu msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Dolly kilipita pwani ile Julai 2008. Baridi nayo si kwamba haifiki kabisa. Februari 2021 mabomba yalipasuka Texas nzima, mengi yakiwa yamepitishwa darini bila kufunikwa. Tukisikia onyo la kuganda, mabomba yanaachwa yadondoshe maji usiku kucha.

Kwenu ninyi wawili, mambo matatu. Nunueni bima ya afya ya safari kabla hamjapanda ndege, kwani Medicare yetu, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haiwahusu wageni, na usiku mmoja wa hospitali hapa unaweza kula akiba ya miaka. Pili, mkishaingia nchini chapisheni ile rekodi ya kuingia, I-94, muiweke ndani ya pasi. Januari mtakapotoka Bondeni kwenda kupanda ndege Houston, karibu na Sarita kuna kituo cha uhamiaji ambapo kila gari linaloelekea kaskazini linasimama na watu huulizwa uraia wao. Mnajibu mlichoulizwa, mnatoa pasi, mnapita. Zisiwe kwenye buti chini ya masanduku.

La tatu ni viatu. Viatu vya barafu nitawanunulia huku, vya huko havitafaa. Mama Rehema akanyage karatasi kwa mguu wenye soksi nene, auchore pembeni kwa penseli, apige picha na rula kando yake, na wewe vivyo hivyo. Nitumieni kabla ya Septemba kwisha.

Ni mimi kaka yako, na shemeji yako anawasalimu sana.