Maghorofa ya Arusha yakaguliwe kuta za nje, si wakati wa ujenzi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie madiwani wetu wa Jiji la Arusha kuhusu maghorofa ya katikati ya mji. Jengo likiwa bado linajengwa, watu wa kibali wanapita na bango la mkandarasi linaangaliwa. Likishakamilika na wapangaji wakaingia, sijawahi kumwona mtu akirudi kupanda juu kutazama kuta zake za nje zina hali gani.

Pita mitaa inayozunguka Soko Kuu, kisha inua macho. Utaona lipu iliyovimba chini ya madirisha, kutu ikichuruzika kwenye kingo za zege, viyoyozi na madishi yamening'inizwa popote. Chini yake akina mama wamepanga ndizi na parachichi. Masika iliyopita, kipande cha lipu chenye upana wa sinia kilidondokea meza ya mama mmoja muuza matunda. Mwenyewe alikuwa ameenda kwa jirani kutafuta chenji. Vipande vikafagiliwa, meza ikasogezwa hatua mbili, biashara ikaendelea.

Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, nayo huisukuma zege na lipu nje. Aliye barabarani anaweza asione kitu mpaka kianguke. Anayejua kazi hupanda, akagonga ukuta kwa nyundo ndogo. Pale lipu ilipoachana na ukuta, mlio huwa wa kitu chenye uwazi ndani. Kwa hiyo mkaguzi wa kusimama barabarani na kutazama juu hatatusaidia.

Wenzetu wa New York walifundishwa na msiba. Mei 1979 kipande cha ukuta kilimuua Grace Gold, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akipita zake chini ya jengo. Mwaka 1980 ikatungwa sheria, na leo kila jengo la zaidi ya ghorofa sita hukaguliwa kila baada ya miaka 5. Singapore nao, tangu 2022, hukagua kila baada ya miaka 7 majengo yenye umri wa zaidi ya miaka 20 na urefu unaozidi mita 13. Mita 13 ni kama ghorofa nne tu, na hapa kwetu yapo mengi ya kimo hicho.

Tusichukue kila kitu chao, lakini. Huko New York wapo wenye majengo wanaoweka kibanda cha kukinga wapita njia, kisha wanakiacha miaka na miaka, maana kukilipia ni nafuu kuliko kutengeneza ukuta. Sheria yetu ndogo itaje na siku ya mwisho ya matengenezo, na faini iwe kubwa kuliko gharama ya kuchelewesha.

Wenye majengo watalalamikia gharama. Sawa, ukaguzi una gharama. Lakini kodi ya fremu tunalipa miezi sita hata mwaka kwa mkupuo. Humo haikosekani ya kumlipa mhandisi aliyesajiliwa mara moja kwa miaka mitano.

Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Naomba diwani yeyote aipeleke hoja hii kwenye baraza kabla ya masika ijayo, waanze na majengo ya zamani yanayozunguka soko, na ripoti ya kila jengo ibandikwe mlangoni tuisome.

Mkazi wa Kaloleni,
Arusha