YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUHARIBIWA KWA PICHA YANGU YA RANGI ZA MAFUTA

Ndugu Meneja,

Ninaandika kulalamikia picha niliyowakabidhi kwa kazi moja tu, nayo ni kuitia fremu. Masharti ya kazi yenu mnayajua, hivyo sitayarudia.

Picha hiyo niliichora mwenyewe. Inaonyesha mtu mmoja aliyejilaza chini ya mti kando ya kijito, kofia imemfunika macho, mguu mmoja juu ya mwingine. Hazidi urefu wa kidole, lakini matawi, maji na mwanga vyote nilivipanga ili jicho la mtazamaji limfikie yeye.

Nilipokuja kuichukua nilimkuta fundi wenu akiisugua kwa kitambaa chenye tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi ya mafuta. Nilipopaza sauti aliinua kitambaa hicho, kimejaa buluu ya shati la mtu wangu, akasema: "Kalikuwa kamtu kadogo tu, mandhari yote ipo."

Hakuna aliyeomba picha isafishwe. Siku ya kuikabidhi nilimweleza mpokeaji wenu, naye akaandika kwenye fomu, kwamba ilikuwa na wiki 3 tu tangu ikamilike. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, na huweza kuonekana kavu juu ilhali ndani bado ni laini kwa miezi mingi. Hata picha kuukuu hujaribiwa kwanza pembeni, kwa pamba kwenye kijiti.

Narudia, kwa kuwa barua yenu ya jana imeliita tukio hili "dosari ndogo": nikiwa hatua mbili kutoka mezani niliona kofia ikifutika, kisha shati, na fundi hakuacha mpaka nilipopiga kelele. Ndipo akaniambia ni kamtu kadogo. Bila mtu huyo, picha ile haina anayepumzika.

Nilikusudia kudai radhi ya maandishi na kurudishiwa malipo yangu. Baada ya barua yenu, hayo hayatoshi tena. Nadai pia mgharimie mtaalamu wa kukarabati picha nitakayemchagua mimi, mnilipe fidia, na fundi yeyote wa kwenu asithubutu kumchora upya mtu huyo. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitafungua kesi, na nitafika mahakamani na nakala ya fomu pamoja na kitambaa kile, ambacho niliondoka nacho.

Wasalaam,
Mteja wenu