Mheshimiwa Waziri, depo zetu huwekwa wapi?

Kwa Waziri wa Ardhi, Ujenzi wa Umma, Nyumba na Ustawi wa Miji,
Ardhi House, Nairobi.

KUH: PESA ZA WAPANGAJI ZILIZO MIKONONI MWA WENYE NYUMBA

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kahawa West. Najua siku hizi likitajwa neno nyumba mbele yako, mazungumzo yanakimbilia zile ghorofa za serikali na ile asilimia 1.5 ambayo waajiriwa tunakatwa kwenye mshahara chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Hizo sizigusi leo. Nakuandikia kuhusu nyumba tunazoishi tayari, zile za kulipiwa kabla ya tarehe tano, na hasa kuhusu pesa ambayo karibu kila mpangaji wa Nairobi amewahi kuitoa na hakuna ofisi ya serikali inayojua iliko. Depo, yaani amana unayomwachia mwenye nyumba unapoingia, na ambayo inatakiwa irudishwe ukihama.

Huenda una miaka mingi hujatafuta keja, nyumba ya kupanga, kwa hivyo niruhusu nikukumbushe kwa ufupi. Unashuka Roysambu, unaingia Lumumba Drive na kutembea shingo ikiwa juu, ukisoma vibao vya nyumba wazi. Keateka, yule mtunzaji wa nyumba, anakupandisha hadi ghorofa ya tano kwa ngazi, anakuhakikishia kwamba maji yapo kila siku, na mwanamke anayeanika nguo kwenye kibaraza anacheka bila kugeuka. Ukipitia kwa wakala, kuna ada ya kuonyeshwa nyumba, unayolipa kabla hujauona hata mlango, na ukiikataa nyumba, ada hiyo hairudi. Sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura 533, inamtaka wakala awe amesajiliwa na bodi. Kijana aliyenipokea stejini alikuwa na simu mbili na miwani ya jua. Cheti sikukiona.

Hayo tumeyazoea. Kisa chenyewe huanza ukishaipenda nyumba.

Tuseme kodi ni 14,000. Utatakiwa kuleta kodi ya mwezi wa kwanza, depo ya 14,000 nyingine, depo ya maji, depo ya stima, na mahali pengine ada ya kuandikiwa mkataba ambao ni karatasi moja iliyotolewa kopi hadi maandishi yamefifia. Hapo hujakodi pikapu ya kuhamisha vitu. Na depo uliyoweka kule unakotoka? Hiyo bado iko kule. Haiwezi kutolewa mpaka uwe umeondoka, na huwezi kuondoka mpaka uwe umelipa ya huku. Kila anayehama Nairobi kwa hivyo anatakiwa kuwa na depo mbili kwa wakati mmoja, moja mfukoni na nyingine kwa mtu. Ndiyo maana unaona watu wanakopa kwenye simu mwishoni mwa mwezi, au wanaomba chama kiwape zamu ya mbele.

Wengine hawakopi. Wanabaki. Choo kinavuja, stima inakatikakatika, taa ya ngazi imekufa tangu mwaka jana, na wanabaki, kwa sababu depo ni kamba ya mbuzi: utalisha hadi inapofika, basi. Mwenye nyumba anayejua kwamba wapangaji wake hawawezi kuhama hana haraka ya kumwita fundi.

Sasa nikuonyeshe siku ya kutoka, maana ndipo pesa hii hupotelea. Nyumba yangu ya zamani niliitolea notisi ya mwezi mzima kwa maandishi, kodi ikiwa imelipwa yote. Keateka akaja na daftari lake la Kasuku na kalamu nyuma ya sikio. Hakusema mengi. Alipitisha kidole kwenye alama ambayo friji iliacha ukutani. Akahesabu matundu ya misumari, pamoja na yale niliyoyakuta. Akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akaandika: rangi, 7,000, kitasa cha bafu, 1,200, usafi, 1,500. Nikamwambia ukuta huo ulikuwa umefura kwa unyevu wa bafu la juu tangu nilipoingia, na kwamba yeye mwenyewe aliniahidi kumwambia landlodi. Nikamtolea picha nilizopiga siku ya kuingia, tarehe zikiwa zinaonekana. Akazitazama vizuri tu, mtu mpole. Akasema, "Hayo ongea na ofisi."

Ofisi ni nambari ya simu. Dada aliyepokea alinitaka niwe na subira, hesabu bado inapigwa. Baada ya wiki kadhaa kilichoingia kwenye M-Pesa yangu, katika depo ya 14,000, ni 4,300, bila risiti wala maelezo. Jirani niliyemwacha kule aliniambia mpangaji mpya alihamia wikendi ile ile niliyotoka, kwenye ukuta ule ule uliofura, na depo yake akalipa. Rangi yangu ya 7,000 hakuna aliyeiona.

Simtaji mtu hapa, Mheshimiwa, kwa sababu simulizi hii si ya ploti moja. Uliza dereva wako. Uliza askari wa langoni.

Nitawatendea haki wenye nyumba pia. Wapo wapangaji wanaohama usiku na kuacha deni la miezi, na wapo wanaong'oa hata sinki. Na sisi wenyewe tumejifundisha kulipiza mapema: mwezi wa mwisho mtu halipi kodi, anasema "nitakula depo". Landlodi aliyeliwa namna hiyo mara moja, mpangaji anayefuata anaitishwa depo ya miezi miwili. Hakuna anayemwamini mwenzake, na aliyeshika pesa ndiye mmoja wa wanaogombana. Hapo sheria ndiyo inatakiwa iingie kati.

Sheria ipo, na ndiyo inayonikera zaidi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura 296, iliunda baraza la kusikiliza kesi za mpangaji na mwenye nyumba. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo cha kodi hiyo ni kile kilicholipwa tarehe 1 Januari 1981. Mwaka huo wengi wetu tunaopanga leo hatukuwa tumezaliwa. Kwa 2,500 leo labda upate chumba cha mabati Mukuru au Kibera. Anayelipa 8,000 Pipeline, anayelipa 12,000 Zimmerman, anayelipa 25,000 South B, wote wako nje ya lango la baraza hilo.

Mwenye nyumba, yeye, ana sheria yake na inafanya kazi. Ukichelewesha kodi, Sura 293 inamruhusu kumtuma dalali wa mnada mwenye leseni akubebee sofa na televisheni. Mimi nikidaiwa, vitu vyangu vinapandishwa lori. Yeye nikimdai, naambiwa niwe na subira.

Kuna jambo jingine ambalo sijui nicheke au nilie. Chini ya ghorofa yetu kuna kinyozi. Amepanga bila mkataba wa maandishi, na kwa sababu biashara yake inaingia kwenye Sura 301, sheria ya 1965 ya maduka, hoteli na mikahawa, hawezi kuongezwa kodi wala kufukuzwa kiholela. Ana baraza la kumsikiliza. Kiti chake cha kunyolea kinalindwa. Kitanda changu, ghorofa mbili juu yake, hakilindwi.

Utaniambia kuna Mahakama ya Madai Madogo, na ni kweli, tunashukuru. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Lakini ili umshtaki mtu lazima ujue jina lake. Wapangaji wengi wa Nairobi hawamjui mwenye nyumba wao. Wanamjua keateka kwa jina la mtoto wake, Baba nani, na wanaijua nambari ya kulipia kodi. Na yule wa vibarua, akipoteza siku mbili za kazi akifuata 7,000, amerudishiwa nini?

Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulinuia kuzifuta sheria hizi tatu, Sura 293, 296 na 301, na kuweka moja. Tuliusikia, ukajadiliwa redioni, wenye nyumba wakapiga kelele, kisha kimya. Sikuombi uurudishe jinsi ulivyokuwa. Naomba ukirudi uwe na kifungu kinachosema depo isikae kwa mwenye nyumba.

Jambo hilo si ndoto. Afrika Kusini, chini ya sheria yao ya nyumba za kupanga ya 1999, mwenye nyumba hutakiwa kuiweka depo kwenye akaunti inayozaa riba. Yeye na mpangaji huikagua nyumba pamoja siku ya kuingia na siku ya kutoka, na kama hakuna deni wala uharibifu, pesa hurudishwa ndani ya siku saba. Si kwamba kila landlodi wa kule anatii. Lakini asiyetii, mpangaji ana mahali pa kumpeleka na karatasi ya kumwonyesha. Sisi tunapaswa kwenda hatua moja mbele: akaunti isiwe ya mwenye nyumba hata kidogo, na mtu akihama Umoja kwenda Kinoo, depo imfuate badala ya kutafutiwa pacha wake. Nchi ambayo mama mboga anapokea malipo kwa simu haiwezi kushindwa na hili.

Wala isisemwe kwamba serikali haiwezi kuwafikia wenye nyumba wote hawa. Mamlaka ya Mapato inawataka wenye mapato ya kodi za nyumba kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka walipe ushuru wa asilimia 7.5, na wanatakiwa kuleta hesabu kila mwezi. Kama serikali inaweza kuuliza kodi yangu imeingia wapi ili ichukue fungu lake, inaweza kuuliza na depo yangu imewekwa wapi.

Na ile 2,500 ifutwe. Hilo halihitaji kamati wala semina ya Naivasha.

Ninachotaka kwako ni jibu la maandishi, hata la nusu ukurasa: mswada unarudi Bungeni lini, na kifungu cha depo kitasemaje. Mkataba wangu wa sasa unaisha mwezi wa Desemba, na keateka wa hapa ameshaanza kuniuliza kama ninaendelea.

Wako mtiifu,
Mpangaji, Kahawa West