Shukrani kwa fundi wa Kibaigwa

Mzee wetu, uliondoka kabla hatujakuuliza jina. Sisi ni wale vijana wa Dodoma ambao gari lao la mashindano, lililoungwa kwa vipuri vya mtumba, lilichemsha pale Kibaigwa. Mwingine angebadilisha gasketi, ile pakingi inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, akachukua chake. Wewe ulilaza rula juu ya silinda hedi, yaani kifuniko hicho, ukatuonyesha mwanga unavyopenya chini yake: hedi ya alumini ikizidiwa na joto hupinda, na gasketi mpya ingeungua tena. Ukatuelekeza pa kuisawazisha kwa mashine. Ukatufundisha pia kukaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, ili hedi ikae sawasawa. Pesa ulikataa kabisa! Injini sasa haichemshi. Mungu akuzidishie, baba. Ukifika Dodoma, gereji yetu ni yako.