Barua kwa Khamisi: unga mmoja, vyombo vitatu

Sahibu yangu Khamisi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika na malalamiko yako nimeyasoma mara mbili: kahawa ya dele, lile birika la shaba la kahawa tungu, inakutoka chachu, ya birika la Kituruki haitoi povu, na Ijumaa ijayo una wageni kutoka Maskati. Mzizi wa yote ni mmoja. Unatia unga uleule wa pakiti ya dukani katika vyombo vitatu visivyojuana. Chombo ndicho huchagua buni zikaangwe vipi na zisagwe vipi.

Nianze na dele. Kahawa nzuri inayouzwa hapo Nairobi mara nyingi ni arabika ya Nyeri au Kirinyaga, aina za SL28 na SL34, iliyokaangwa kiasi ili uchachu wake usikike. Kwa wanaochuja kwa karatasi hiyo ni sifa. Kwenye kahawa tungu ni kasoro, na kuchemsha hakuifukuzi. Dawa iko kikaangoni. Nunua buni mbichi, pima gramu 200, ukaange kwenye kikaango kizito cha chuma kwa moto wa wastani, mkono usipumzike. Zitageuka manjano, kisha hudhurungi, halafu zitaanza kualika kama bisi. Usiepue. Mwaliko huo utanyamaza, uje wa pili, mwembamba, wa harakaharaka, na mafuta yaanze kumeta juu ya buni. Hapo hesabu nusu dakika tu, umwage kwenye ungo na kupepeta papo hapo, maana buni huendelea kujikaanga kwa joto lililobaki ndani yake. Ukizubaa utakunywa makaa. Utabakiwa na gramu 165 hivi. Zilizopungua ni maji hasa, na kapi. Na ufungue madirisha, moshi wake si mchezo.

Ukitwanga, komea kwenye chenga za ukubwa wa sukari. Unga laini kwenye dele hauzami upesi, na kila kikombe kitatoka na tope.

Kwa lita moja ya maji ponda tangawizi urefu wa kidole gumba, uitie maji yakiwa bado baridi. Yakichemka tia gramu 60 za kahawa, punguza moto, uache itokote taratibu dakika 15. Kwa huko Nairobi fanya 20: kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama huku pwani, nayo huutoa utungu polepole. Iliki nne zilizopondwa ziingie mwishoni, zikitangulia harufu yote huishia hewani. Epua, nyunyiza kijiko cha maji baridi, subiri dakika tano mashapo yatue, kisha mimina bila kulitikisa dele. Sukari usitie. Kazi hiyo ni ya kashata.

Birika la Kituruki ni kinyume chake kabisa. Hapo ndipo unga laini unapotakiwa, laini kuliko wa ngano: usugue kati ya vidole, ukihisi punje hata moja, rudisha mashineni. Kipimo ni gramu 7 kwa maji baridi mililita 65, yaani finjani moja. Sukari, kwa anayeitaka, iingie mwanzoni. Koroga mara moja, weka kwenye moto mdogo kabisa na usikoroge tena. Baada ya dakika tatu au nne povu litapanda shingoni; nyanyua kabla halijachemka, gawa povu vikombeni kwa kijiko, rudisha birika motoni kidogo, kisha mimina.

Povu lako linakufa kwa moja ya sababu tatu, au zote. Kahawa ya zamani imekwisha kupoteza gesi inayofanya povu. Ikichemka, viputo hupasuka na havirudi. Na birika kubwa mno kwa finjani moja huacha povu litandae badala ya kupanda. Nunua dogo, maji yafike chini kidogo ya shingo.

Sasa wageni. Kahawa ya Kiomani haikaangwi hadi weusi wa kwetu; epua mwaliko wa kwanza ukinyamaza, usage chenga za kati. Kwa lita moja tia gramu 50, ichemke kwa moto mdogo dakika 10, iache itulie, kisha uihamishie kwenye dalla, birika lao la kumiminia kahawa, yenye kijiko kikubwa cha iliki iliyosagwa na nyuzi chache za zafarani. Tende na halua zitangulie. Shika dalla kwa mkono wa kushoto, toa kikombe kwa wa kulia, na usijaze: theluthi moja inatosha, kwa sababu kikombe kilichofurika ni kama kumwambia mtu anywe aondoke. Endelea kuongeza mpaka mgeni akitikise kikombe. Asipotikisa bado anataka, hata kama kanyamaza.

Uliniuliza pia kama mashapo ya dele yanaweza kupikwa tena, kama Wahabeshi wanavyoongeza maji kwenye jebena zao, vyungu vya udongo vya kahawa, wakapata mikupuo mitatu: abol, tona, baraka. Kwao mkupuo wa tatu hutarajiwa kuwa mwepesi. Kwenye dele yamekwisha kutokota dakika 20. Utapata maji ya kahawia yenye tangawizi. Yamwage kwenye mchicha.

Kabla hujawasha moto, chungulia ndani ya dele. Bati likiwa limebanduka na shaba inaonekana, lipeleke kwa fundi lipakwe upya, na kwa sasa tumia sufuria ya chuma cha pua. Wala usilisugue kwa mchanga, ndiyo maana limebanduka.

Wasalimie nyumbani.

Sahibu yako,
Athumani